Maji Yao

Dobi alikuwa na mke mwenza wa kioo. Alikaa sebuleni, juu ya meza ya chuma iliyochomelewa kwa ajili yake peke yake, akiwa na taa yake na pampu yake ya hewa iliyonguruma kutwa kucha kama paka aliyeshiba. Lilikuwa tangi la samaki, refu kama kitanda cha mtoto, na ndani yake waliishi samaki kumi na wawili: saba wadogo wa rangi ya fedha waliokwenda kundi moja kama wanafunzi, wanne wa milia, na mmoja mkubwa, mweupe, mwenye mapezi marefu yaliyoburuzika nyuma yake kama shela. Huyo aliitwa Bibi Harusi.

"Mwenzangu ameamkaje?" Dobi alizoea kumwuliza mumewe kila asubuhi, akimkuta amekiinamia kioo kabla hata hajanawa uso.

"Mwenzako hajambo," mumewe alijibu. "Tena hana maneno mengi kama wengine."

"Angekuwa na maneno angeomba talaka. Unamkodolea macho hata akiwa anakula!"

Mumewe alikuwa fundi wa redio, na mtaa mzima ulimwita Fundi, na mkewe pia. Miaka sita alikuwa na tangi lile, na kwa miaka sita hakumruhusu mkewe kuligusa. "Mkono wako umelowa sabuni tangu usichana," alimwambia. "Ukichovya kidole tu, tunazika." Dobi alicheka, lakini kicheko cha mdomo hakifiki moyoni kila mara. Yeye ndiye aliyeaminiwa mashati ya mahakimu. Makoti meupe ya madaktari yalipita mikononi mwake yakatoka yanameta. Leo iweje mtu wa kuaminiwa nguo za mji mzima asiaminiwe ndoo moja ya maji nyumbani kwake?

Kisha macho ya Fundi mwenyewe yakaanza kufifia. Mtoto wa jicho. Kidogo kidogo, miaka miwili, ukungu ukamshukia. Alianza kuchomelea risasi pasipo na waya. Mteja mmoja akarudisha redio, akaitikisa, skrubu tatu zikacheza ndani kama njugu. Na jioni, akikaa mbele ya tangi, alisema, "Bibi Harusi simwoni tena. Naona moshi mweupe unaelea."

Siku ya upasuaji ilipofika, ilimbidi aende mji mwingine, akae kwa dada yake siku kumi ili daktari amwangalie. Kabla ya kuondoka alichukua kifuniko cha katoni, akaandika kwa kalamu nene, herufi kubwa kama za bango kwa kuwa ndogo hakuziona:

CHAKULA: NCHA YA VIDOLE VIWILI, ASUBUHI TU.
MAJI MAPYA YALALE NDOONI SIKU NZIMA KABLA YA KUINGIA.
SPONJI ZIKIZIBA, ZIOSHE KWA MAJI YAO.

"Umeelewa?"

"Fundi, mimi nimesoma. Sijaokotwa jalalani."

Fundi akaweka kiganja juu ya kioo, akakiacha pale muda mrefu. "Hospitali nitaona madaktari, nitaona barabara, nitamwona dada. Hao wote waweza kunidanganya. Humu ndani kitu cha kwanza nataka kukitazama ni Bibi Harusi akigeuka na shela lake. Nikimwona sawasawa, ndipo nitajua nimepona." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nakuachia macho yangu, mke wangu."

Miaka sita alikuwa amelingoja neno lile. Lilimwingia Dobi kama maji ya moto kifuani, na tangu dakika ile hakupumzika.

Siku tatu za kwanza alikuwa akiacha pasi jikoni, anakimbilia sebuleni kuhesabu. Kumi na wawili. Anarudi kunyoosha kola mbili, anakwenda tena. Kumi na wawili. Ndoo mbili za maji alizilaza kwenye kona ya veranda, akazifunika kitambaa kama wagonjwa, akapita karibu nazo kwa kunyata. Chakula alikipima kwa vidole viwili, akapuliza kilichozidi kikarudi mkebeni.

Siku ya nne, Alhamisi, aliona maji yanayotoka kwenye chujio yamekuwa membamba kama uzi. Chujio lilikuwa sanduku dogo la plastiki lililoning'inia ubavuni mwa tangi. Maji yaliingia upande mmoja, yakapita kwenye sponji mbili, yakarudi. Alilifungua. Looo! Sponji zile zilikuwa na utelezi wa kahawia, mzito kama ugoro uliorowa, na harufu ya tope la bondeni.

"Haya ndiyo mnayomficha mtu miaka sita?" Dobi aliwaambia samaki. "Nyumba nzuri, kumbe chooni hakutazamiki."

Akasoma kifuniko cha katoni. *Sponji zikiziba, zioshe kwa maji yao.*

Sasa, katika kazi ya udobi hakuna neno kubwa kuliko maji. Kila kitu kina maji yake. Hariri ina maji yake: baridi, na siki tone moja. Sufu ina maji yake: vuguvugu, usiisugue, itakusinyaia mkononi. Shuka nyeupe zina maji yao: ya moto, sabuni ya kutosha, na dawa ya madoa mwishoni. Dobi alifundishwa hivyo na shangazi yake, naye aliwafundisha wasichana waliofanya kazi kwake: "Ijue nguo, kisha ijue maji yake. Asiyejua maji ya nguo si dobi, ni mharibifu mwenye beseni." Kwa hiyo aliposoma *maji yao*, hakuwa na la kuuliza. Sponji zilikuwa mbili, na maji yao aliyajua. Sponji ni nduguye godoro. Maji yake ni ya moto, yenye sabuni, nayo ikamuliwe mara saba.

Tena alifurahi. Mumewe hakuandika *niachie*, hakuandika *usiguse*. Aliandika kwa lugha ya kazi yake yeye, kama fundi anavyomwachia fundi mwenziwe.

Alizichemshia maji. Akazifua. Akatia dawa ya madoa, akazisuuza mpaka maji yakatoka meupe, akayaonja kwa ncha ya ulimi asije akaacha hata chembe ya sabuni. Akazianika juani. Jioni zilikuwa za manjano, changa, kama zimetoka dukani leo. Akazirudisha kwenye chujio na maji yakamwagika kwa nguvu, shwaa! Fundi alipopiga simu usiku ule, bandeji ikiwa bado jichoni, Dobi alijizuia kwa shida asimwambie. Alitaka aje ajionee.

"Mwenzako hajambo?" Fundi aliuliza.

"Hajambo. Anaogelea kwenye kasri."

Jumamosi asubuhi maji yalikuwa yamebadilika. Hayakuwa machafu, angeujua uchafu. Yalikuwa na weupe, kama mtu amesuuzia humo kikombe cha maziwa. Na samaki wote walikuwa juu, midomo nje ya maji, wakifungua na kufunga, wakifungua na kufunga, kama watu wanaotaka kusema jambo na sauti imekwama.

Dobi alihesabu. Kumi na mmoja.

Akahesabu tena, kwa kidole, kioo kikiwa baridi chini ya kucha yake. Kumi na mmoja. Yule wa kumi na mbili alimkuta nyuma ya jiwe, mmoja wa wale wa fedha, amelala ubavu, rangi imemtoka kama sarafu iliyochakaa. Alimtoa kwa kijiko. Hakuwa na uzito hata wa kifungo. Alimfukia kwenye chungu cha maua, akakaa karibu na chungu kile, akajiambia ni mmoja tu, ni bahati mbaya tu, hata nyumba ya watu hufiwa.

Akamimina ndoo zile mbili za maji yaliyolala. Kwa saa moja samaki walitulia, naye akatulia. Kufika adhuhuri walikuwa juu tena.

Akatoa mabeseni yote. Ya kufulia nyeupe, ya kufulia rangi, ya kulowekea, lile kubwa la mapazia. Akayajaza, akayapanga verandani mpaka hapakuwa na pa kuweka mguu. "Laleni," aliyaambia. "Laleni haraka." Lakini maji hayabembelezwi. Siku nzima ni siku nzima. Mteja wa kwanza alipokuja kuchukua nguo alizikuta bado kikapuni.

"Dobi, shati langu la harusi ya kesho!"

"Nenda na lile ulilovaa. Hata bwana harusi hatakutazama wewe."

"Umepatwa na nini leo?"

"Nina mgonjwa ndani," alisema, na hakuwa amedanganya.

Alasiri simu ikalia. Alikuwa wifi yake, dada wa Fundi, mwanamke wa kutoa amri hata kwa salamu.

"Wifi, sikiliza. Bandeji imetoka. Anaona! Leo kanitazama akaniambia nimezeeka, mpumbavu yule. Sasa daktari kasema hivi: asiiname, asibebe kitu, asipikiche jicho, na asilie. Jicho lisilowe. Wewe unamjua kaka yangu, mgumu kama nazi kavu lakini kwa wale samaki wake ni mtoto. Kama kuna habari yoyote mbaya huko, imeze. Umenisikia?"

"Nimesikia, wifi."

"Kwani kuna habari mbaya?"

Dobi alimtazama Bibi Harusi. Mapezi yale marefu yalikuwa yamejikunja ubavuni, shela limefungwa kama mwavuli. "Hakuna," alisema.

Fundi akaja kwenye simu. "Mke wangu! Dada ana mvi! Ukuta wa jirani una ufa! Vitu vyote vina kingo!" Alicheka kama kijana. "Mwenzako je?"

"Anakungoja."

Akakata simu, akajikuta ameshika ukingo wa meza. Uongo wa kwanza ni mdogo kama mbegu ya mchicha, lakini ndiyo hiyo inayojaza bustani.

Jumapili asubuhi Bibi Harusi hakuwa juu tena. Alikuwa chini kabisa, kwenye changarawe, ameegemea upande mmoja. Mashavu yake yalipanda na kushuka mbio. Maji ya mabeseni, yalipotimiza siku nzima adhuhuri, yalimwinua kidogo, akasogea hatua mbili za samaki, akalala tena. Dobi alisafisha kioo. Alisafisha mawe. Alifungua chujio, akaziona zile sponji zake za manjano, safi kama roho ya mtoto, akafikiri: si hizi, hizi nimeziosha vizuri. Alisafisha kila alichoweza kukisafisha, na kadiri alivyosafisha ndivyo maji yalivyozidi kupauka.

Palikuwa na mtu mmoja tu mtaani aliyejua mambo ya samaki, na mtu huyo alikuwa hasemi na Fundi.

Kinyozi alikuwa na tangi dukani kwake, chini ya kioo, wateja walitazame wakinyolewa. Yeye na Fundi walikuwa marafiki wa kugawana sigara, mpaka siku Kinyozi alipomletea Fundi zawadi ya majani ya majini. Fundi aliyapokea, na palepale, mbele ya mwenye zawadi, akayatumbukiza kwenye maji ya chumvi. "Nayaosha kwanza," alisema. "Tangi lako ni zizi la konokono. Akiingia mmoja kwangu, baada ya mwezi wako mia." Kinyozi akasimama. "Unaosha zawadi yangu mbele ya macho yangu, kana kwamba imetoka chooni?" Miaka miwili ilikuwa imepita. Fundi alinyolewa mtaa wa pili, vibaya, akavaa kofia.

Dobi alijifunga kanga vizuri, akatia sponji zake kwenye mfuko, akaenda.

Duka la Kinyozi lilikuwa na viti viwili na maandishi aliyoyapaka mwenyewe ukutani kwa rangi nyekundu: NYWELE HUOTA TENA, HESHIMA HAIOTI. Kwenye kiti kimoja alikaa mteja mnene, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado. Kinyozi alimwona Dobi kwenye kioo, mashine ikaendelea kunguruma.

"Shemeji," alisema bila kugeuka. "Umepotea njia, au mumeo amekutuma uje kuniosha?"

"Sikutumwa. Nimekuja kwa miguu yangu."

"Karibu. Jihadhari na konokono."

Mteja akacheka. Dobi akalimeza neno lile. "Samaki wanakufa," alisema. "Mmoja amekufa. Bibi Harusi yuko chini, amelala ubavu."

Mashine ikazimwa. Kinyozi akageuka. Kwa hasira zake zote, alikuwa mfugaji, na mfugaji hawezi kusikia neno lile akabaki vilevile. "Maji yakoje?"

"Meupe. Kama maziwa yaliyotiwa maji."

"Unalisha sana?"

"Vidole viwili, asubuhi tu. Na maji nayalaza."

"Chujio?"

Dobi akatoa sponji zile, akazishika mbele yake. Bado, Mungu amsamehe, alizishika kwa fahari kidogo.

Kinyozi akazichukua. Akazinusa. Akazigeuza huku na huku, uso ukamlegea. "Mama yangu," alisema polepole. "Umeziosha kwa maji gani?"

"Kwa maji yao. Ameandika mwenyewe: *zioshe kwa maji yao*. Ya moto, sabuni, na dawa ya madoa. Nimezisuuza mpaka..."

"Maji yao, shemeji! *Yao!* Ya samaki! Unachota maji ya tangini, unazikamua humo mara mbili, basi, unarudisha!"

Mteja mwenye nusu kichwa alitazama sponji, akamtazama Dobi.

"Ule utelezi wa kahawia," Kinyozi alisema, sauti sasa imeshuka, "ule si uchafu. Ule una vijidudu visivyoonekana, ndivyo vinavyokula mikojo ya samaki. Bila vijidudu hivyo samaki anakunywa choo chake. Umewatimua wafagiaji wa mji kwa sababu nguo zao ni chafu."

Dobi akamwona tena mumewe akiandika kwa herufi zile kubwa za mtu asiyeona, na yeye amesimama karibu, anasema *sijaokotwa jalalani*. Neno moja. Lilikuwa neno lake la kazi, neno alilolijua kuliko mtu yeyote mjini, na ndilo lililomponza. Kujua nako kunaua.

"Kuna dawa?" aliuliza.

"Ipo moja. Uchafu uliokomaa." Kinyozi akatabasamu upande mmoja wa mdomo, hakuweza kujizuia. "Jamani, nimeishi nikaona. Dobi amekuja kuomba uchafu!"

"Omba omba hachagui," alisema mteja.

"Wewe nyamaza," Dobi alimwambia, "una nchi mbili kichwani." Kisha akamgeukia Kinyozi, na maneno yakamtoka mazito, moja moja. "Ndiyo. Naomba uchafu. Nipe, shemeji. Mume wangu anarudi Alhamisi, na kitu cha kwanza anataka kukiona ni samaki yule. Amesema nimeachiwa macho yake."

Kinyozi akafungua chujio la tangi lake, akatoa sponji moja nyeusi, inayodondoka, inanuka bonde. Akaitia kwenye bakuli la kunyolea, akachota maji ya tangi akaifunika nayo.

"Nina masharti mawili," alisema. "La kwanza: usiioshe. Hata kidogo. Hata mkono ukuwashe vipi. Kwenu mmeshaosha changu mara moja, inatosha."

"La pili?"

"Fundi mwenyewe aje hapa, kwa miguu yake, anishukuru kwa mdomo wake. Wewe sikudai kitu."

Dobi aliitikia. Alijua ameahidi kitu kisicho chake, lakini bakuli lilikuwa tayari mikononi.

Njia nzima alilibeba kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba moto. Nyumbani, alipoitoa sponji ile, vidole vilimwasha kweli. Kulikuwa na nyuzi za kijani, punje za mchanga, na nywele mbili fupi za mteja fulani. Mfereji ulikuwa hatua tatu tu. Kuisuuza kidogo, mara moja tu, kutoa zile nywele, kungemdhuru nani? Alisimama kati ya mfereji na tangi, maji machafu yakimchuruzika hadi kwenye viwiko, na kila alichofundishwa na shangazi yake kikampigia kelele masikioni. Akafumba macho, akaitia kwenye chujio vilevile, na nywele zake.

Siku zilizofuata hakufua. Alilala kwenye mkeka sebuleni, akiamka kwa kila mabadiliko ya mlio wa pampu. Alibadilisha maji ndoo moja asubuhi, moja jioni, kama Kinyozi alivyomwelekeza, na chakula akakizuia. Jumatatu weupe ulibaki vilevile, Bibi Harusi akabaki vilevile. Jumanne saa nne Dobi alimwona mmoja wa milia anashuka kutoka juu, anachokoa changarawe. Akashika mdomo wake kwa viganja viwili asipige kelele. Jumatano aliweza kuona ukuta wa nyuma kupitia majini. Na jioni, Dobi akiwa amekata tamaa ya kutazama, Bibi Harusi alijinyanyua, akayumba kama mtu aliyetoka kwenye homa, akafungua pezi moja. Kisha la pili.

Alhamisi wifi alimleta Fundi mpaka mlangoni, amevaa miwani myeusi. Dobi alikuwa ameosha nyumba, amejiosha mwenyewe. Samaki kumi na mmoja. Alikuwa na hadithi tayari: mmoja alizeeka. Samaki huzeeka, nani atabisha?

Fundi hakukaa. Alikwenda moja kwa moja mbele ya tangi, akasimama wima, kwa maana aliambiwa asiiname, akavua miwani.

Pampu ikanguruma. Bibi Harusi aligeuka, shela likamfuata, polepole, bado dhaifu upande wa kushoto. Dobi aliyaona macho ya mumewe: hayakumfuata Bibi Harusi. Yalikuwa yamesimama kwenye kona ya chini ya kioo, mahali pasipokuwa na samaki.

"Naona konokono," Fundi alisema.

"Wapi?" Wifi akasogea. "Mimi sioni kitu."

"Pale. Mdogo kama punje ya ulezi. Ana pembe mbili. Anatembea." Akageuza shingo. "Miaka sita hapajaingia konokono humu. Huyu katoka wapi?"

Hadithi ya kuzeeka ilimkauka Dobi mdomoni. Mtu anayeona pembe za konokono mdogo kama punje utamficha nini?

"Kwa Kinyozi," alisema.

Akamwambia yote, amesimama, mikono imeshikana tumboni: sponji, maji ya moto, dawa ya madoa, yule wa fedha kwenye chungu cha maua, uongo kwenye simu, bakuli, masharti mawili. Wifi alimkata jicho kwenye kila sentensi. Fundi alisikiliza akiwa ameelekea kioo, na Dobi hakuuona uso wake. Alipomaliza, Fundi alikichukua kifuniko cha katoni, akakisogeza mbali, akakisogeza karibu, akasoma mstari wake wa mwisho kwa sauti. *Zioshe kwa maji yao.* Akausoma tena.

Mabega yakaanza kumtikisika.

"Usilie!" Dobi alipiga kelele. "Jicho! Daktari amesema..."

Fundi akachukua kikombe, akachota maji ya tangini, akamng'oa konokono kwa ukucha, taratibu, akamtia humo. Akavaa miwani na kofia, akatoka.

Dobi akamfuata hatua tano nyuma, bila viatu. Hakujua kama mumewe alikuwa akilia au vipi, wala kama anakwenda kugombana au kushukuru. Kwa namna alivyokibeba kikombe mbele ya kifua, hata yeye mwenyewe Fundi pengine hakujua. Watu walimsalimu, hakuitikia. Duka la Kinyozi lilikuwa wazi. Kinyozi alisimama mlangoni na kitambaa begani, akawaona, akakunja mikono.

Fundi akasimama mbele yake. Wazee wawili, hatua moja kati yao, miaka miwili katikati. Akanyoosha kikombe.

"Nimekuletea mtu wako."

Kinyozi akachungulia kikombe. Akainua macho, baridi.

"Umemwosha?"

Dobi alishika nguzo ya kibaraza.

"Hapana," Fundi alisema, na sauti ikamkatika katikati, akaisafisha, akaanza upya. "Nimemleta na maji yake. Ahsante, bwana."

Kinyozi alikipokea kikombe. Alikaa nacho mkononi, hajui akiweke wapi. Mwisho akakiweka juu ya meza, kati ya mashine na kitana, akakipigapiga kiti kwa kitambaa.

"Vua kofia," alisema. "Mungu wangu, nani amekukata hivi? Kaa. Kichwa nitakishughulikia, jicho nitaliacha kama nilivyolikuta."